Mjadala: Deni la barabara likiisha, tozo nayo ife?

Mleta hoja

Hoja iko hivi. Daraja au barabara imejengwa kwa fedha ya mkopo au ya mwekezaji, wananchi wakaambiwa watalipa langoni mpaka fedha ya watu irudi. Ikisharudi, vibanda vibomolewe au tuendelee kulipa?

Mimi nasema vibomolewe. Dar es Salaam kuna Daraja la Nyerere pale Kigamboni, mita 680 juu ya mkono wa bahari wa Kurasini, lililofunguliwa Aprili 2016. Gharama yake ilizidi Sh bilioni 214: NSSF, mfuko wa pensheni za wafanyakazi, asilimia 60, Serikali asilimia 40. Mwenye miguu anapita bure, mwenye chombo ndiye aliyewekewa tozo. Mwaka 2022 viwango vilishushwa, lakini kushusha si kufuta. Nairobi nako kuna barabara ya juu ya kilomita 27, Mlolongo hadi Westlands. Ilipoanza 2022, gari dogo lililopita mwanzo hadi mwisho lilitoa Sh 360 za Kenya. Januari 2024 ikawa Sh 500.

Tufanye hesabu ya mtu mmoja. Anakaa Kibada, anafanya kazi Kariakoo. Tuseme analipa Sh 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Siku 26 za kazi ni Sh 52,000 kwa mwezi, 624,000 kwa mwaka. Mwenzake wa Kimara hatoi kitu kupita Barabara ya Morogoro, iliyopanuliwa kwa kodi za wote wawili. Na wote wawili wakijaza mafuta wanakatwa tozo ya barabara kwenye kila lita.

Inawezekana kufuta. Texas, barabara ya kulipia kati ya Dallas na Fort Worth ilifunguliwa 1957 kwa hati fungani, yaani mkopo uliouzwa kwa wawekezaji, na sheria iliyoianzisha ilisema zikilipwa, barabara iwe bure. Zililipwa mapema kuliko ratiba, na mwisho wa 1977 tozo ikaondolewa. Ahadi ilitekelezwa kwa sababu ilikuwa kwenye sheria, haikuwa maneno ya jukwaani.

Daftari la Miradi

Ndugu mleta hoja, neno linalonisumbua ni "deni". Kwenye miradi hii kuna fedha za aina mbili na watu wanazichanganya. Kuna mkopo wa benki, wenye riba na ratiba ya marejesho. Halafu kuna mtaji wa mwekezaji, ambao hauna ratiba. Una faida inayotarajiwa. Mkopo unaweza kwisha mwaka wa 12 na mtaji ukawa haujarudi hata nusu, kwa sababu benki hulipwa kwanza na mwenye mtaji hulipwa kinachobaki.

Fedha ya NSSF pale Kigamboni ni uwekezaji wa michango ya wanachama. Fundi cherehani na mlinzi wa kiwandani waliokatwa mshahara wana haki ya kuona fedha yao inarudi na ongezeko, kwa sababu ndiyo pensheni yao. Kwa hiyo "Sh bilioni 214 zimerudi, basi tufute" si hesabu sahihi. Lazima uhesabu thamani ya fedha kwa miaka yote hiyo.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Deni ni Sh bilioni 100, riba asilimia 10. Mapato ya langoni, ukishatoa mishahara, umeme, ulinzi na matengenezo, yakibaki bilioni 15 kwa mwaka, deni linaisha kwa miaka 11 na nusu. Yakibaki 12, ni karibu miaka 19. Yakibaki 11, ni miaka 25. Yakibaki 10, deni haliishi milele: unalipa riba tu. Tazama pengo kati ya 12 na 11. Bilioni moja tu imeongeza miaka 6. Ndiyo maana kila tozo inaposhushwa bila Serikali kufidia tofauti, siku ya kufuta inasogezwa mbele. Wanaoshangilia punguzo na wanaodai kufutwa haraka mara nyingi ni watu wale wale, na hawaambiwi kwamba madai hayo mawili yanapingana.

Lami na Kokoto

Mimi ni upande wa wahandisi, na nitawaudhi wengi: deni kuisha hakuifanyi barabara iwe bure. Lami ina umri.

Chukua kilomita moja ya barabara ya njia nne, mita 7 za lami kila upande. Tabaka la juu la milimita 50 ni mita za ujazo 350 kwa upande, karibu tani 830 za lami iliyochanganywa. Pande mbili ni zaidi ya tani 1,600. Tabaka hilo, kwenye barabara yenye malori mengi, hubadilishwa kila baada ya miaka 8 hadi 12. Kazi yenyewe: mashine inakwangua tabaka la zamani, pafagiliwe, pamwagwe lami nyembamba ya kushikiza, halafu lami mpya imwagwe ingali ya moto na ishindiliwe kabla haijapoa. Ikipoa mapema inabaki na matundu ndani, maji yanapita, na mvua ya kwanza inaanza kuila.

Ukichelewa miaka 3 tu mambo hubadilika kabisa. Ufa mdogo unapitisha maji hadi kwenye tabaka la kokoto chini. Gurudumu la lori likipita linabonyeza, maji yanaruka juu kupitia ufa yakiwa na matope, na kila tone linaondoka na vumbi la kokoto. Ukiona doa jeupe au la udongo pembeni ya ufa baada ya mvua, chini pameshaoza. Hapo kukwangua milimita 50 hakusaidii. Unachimba hadi msingi, na gharama si ile tena, ni mara kadhaa.

Daraja la nyaya, kama la Kigamboni, ni kazi nyingine. Viungo vya kupanuka, yale mapengo yenye mpira yanayogonga ukipita, hubadilishwa mara nyingi katika umri wa daraja. Mpira ukipasuka, maji yenye chumvi yanashuka moja kwa moja kwenye vikalio, yaani pale daraja linapokalia nguzo, na kwenye vichwa vya nguzo. Nyaya zinakaguliwa ndani ya mabomba yake kwa sababu kutu huanzia penye unyevu uliokwama, mahali macho hayafiki.

Sasa niambieni: vibanda vikiondoka, nani anaagiza mpira wa viungo?

Mleta hoja

Anaagiza yule yule anayeagiza kwa Daraja la Tanzanite na Daraja la Mkapa kule Rufiji: Serikali, kupitia TANROADS, wakala wake wa barabara, na Mfuko wa Barabara. Madaraja hayo hayana lango. Kwa nini mpira wa Kigamboni uhitaji kibanda?

Msafirishaji, Mombasa

Hapo mleta hoja amegonga penyewe, na sisi Kenya tuna historia yake. Vituo vya kulipia barabara tulikuwa navyo chini ya sheria ya 1984. Vikaja kuondolewa, na badala yake ikaletwa tozo ya matengenezo kwenye mafuta kwa sheria ya 1993. Makubaliano yalikuwa hayo: lango liondoke, lita ilipe. Julai 2024 tozo hiyo ikapanda kutoka Sh 18 hadi Sh 25 kwa lita. Halafu 2025, Sh 7 kati ya hizo 25 zikawekwa rehani ili kupata fedha za kulipa wakandarasi waliokuwa wanadai. Na sasa lango linarudi, kwenye barabara ya Rironi hadi Mau Summit, huku NSSF yetu ikiwa mbia mmojawapo.

Semitrela ikitumia, tuseme, lita 45 kwa kilomita 100, basi kwa kila kilomita 100 imeshatoa Sh 1,125 za matengenezo kabla haijaona lango lolote. Kama fedha ya matengenezo iko kwenye lita, basi lango ni la ujenzi peke yake. Ujenzi ukishalipwa, lango halina hoja.

Lami na Kokoto

Bwana Msafirishaji, nakubali kuhusu kulipa mara mbili, lakini tusikimbie suala la uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli (mhimili wa magurudumu) moja yenye matairi manne, na tani 56 kwa gari zima. Uharibifu wa barabara hauongezeki sawa na uzito. Unakwenda takriban kwa uzito kuzidishwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 12 badala ya 10 inaharibu mara mbili zaidi, si asilimia 20 zaidi. Ekseli ya gari dogo, robo tatu ya tani, ukiilinganisha na ya tani 10, tofauti ya uharibifu ni zaidi ya mara 30,000.

Lori halinywi mafuta mara 30,000 ya gari dogo. Linakunywa mara 5 au 6. Kwa hiyo tozo ya mafuta inawafanya wenye magari madogo na bodaboda wawalipie wenye malori. Lango lina faida moja ambayo pampu haina: linaweza kuhesabu ekseli.

Msafirishaji, Mombasa

Na mizani ni ya nini basi? Ipime uzito, atozwe faini anayezidisha, na aliye ndani ya sheria aachwe. Lakini nakubaliana nawe kwamba lori lilipe zaidi ya gari dogo. Ninachokataa ni kulipia lori deni ambalo halipo.

Wakili wa Mikataba

Wote mnaongea kana kwamba siku ya mwisho itatangazwa na mhasibu. Inatangazwa na mkataba. Aina ni tatu, na ukiisoma mikataba hii, anza kutafuta hapo.

Aina ya kwanza ni miaka iliyopangwa. Barabara ya juu ya Nairobi iko hivyo: kampuni imejenga, inaendesha takriban miongo mitatu, kisha inakabidhi. Deni likiisha mwaka wa 15, huna haki ya kudai lolote. Miaka iliyobaki ni faida yake, na hasara ingekuwa yake pia. Tatizo la Nairobi ni kwamba hatari ya fedha za kigeni haikubaki kwa kampuni. Shilingi ilipoporomoka dhidi ya dola, viwango vikapandishwa, na hilo ndilo lililoleta Sh 500.

Aina ya pili ni jumla ya mapato. Chile ilianza hivyo 1998 kwenye barabara ya Santiago hadi Valparaíso. Mshindi wa zabuni ni yule anayetaka jumla ndogo kabisa ya mapato, ikihesabiwa kwa thamani ya siku ya kuanza. Magari yakiwa mengi, mkataba unaisha mapema; yakiwa machache, unarefuka. Hapa mradi hauvunjiki kwa makadirio mabaya ya idadi ya magari, na mwananchi anaona mita ikisogea. Madaraja ya Severn kati ya Uingereza na Wales nayo yalikuwa na kikomo cha mapato: Pauni milioni 1,029 kwa bei za Julai 1989. Kilifikiwa, madaraja yakarudi serikalini Januari 2018, na tozo ikafutwa tarehe 17 Desemba mwaka huo huo.

Aina ya tatu ndiyo ninayoiogopa: mradi unaoendeshwa kwa kanuni na matangazo ya waziri, bila hesabu ya mwisho inayoweza kusomwa na umma. Hapo hakuna atakayekwambia deni limebaki kiasi gani.

Na hata mkataba mzuri hauzuii Serikali kubadili jina. Dartford, mashariki ya London, deni la mahandaki na daraja la kuvukia mto lililipwa na tozo ilitakiwa ikome 2003. Tarehe 1 Aprili 2003 ikaanza kuitwa ada ya kupunguza msongamano, mahali pale pale. Magari yanalipa hadi leo, na kiwango kimekuwa kikipanda.

Mpanga Miji

Dartford isitumike kama tusi. Hispania ilifuta tozo kwenye AP-7 upande wa Catalonia tarehe 1 Septemba 2021 mkataba ulipoisha. Malori yaliyokuwa yakipita barabara ya zamani yakahamia huko, foleni na ajali zikaongezeka, na matengenezo yakaangukia bajeti ya Serikali. Bei ya sifuri nayo ni bei, na ina matokeo yake.

Kigamboni ina njia tatu za kuvuka: daraja, kivuko cha Magogoni, na kuzunguka kwa Kongowe. Ukifuta tozo darajani, sehemu ya magari ya kivukoni na ya Kongowe yatahamia hapo asubuhi moja. Njia 3 kila upande za daraja zinaweza kuyameza. Makutano ya upande wa Kurasini, yenye malori ya bandari, ndiyo yatakayokwama. Anayetaka kufuta aanze na taa na mikunjo ya pale, miezi kadhaa kabla.

Mleta hoja

Mpanga Miji, kama shida ni foleni, sema unataka tozo ya foleni, iende bungeni na jina lake, iwe ya saa za asubuhi na jioni, na iwaguse pia wa Mwenge na Ubungo. Kigamboni isibebeshwe peke yake kwa sababu kibanda tayari kiko pale. Tena lango lenyewe linaleta foleni. Kibanda cha fedha taslimu hupitisha magari 300 hadi 400 kwa saa. Njia moja ya barabara iliyo wazi hupitisha zaidi ya 1,800.

Daftari la Miradi

Hilo la "kwa sababu kibanda kiko pale" naliunga mkono, na niongeze mfano wa Japani, kwa sababu ndio unaoonyesha jinsi deni linavyofanywa lisife. Sheria yao ya 1956 ilisema kila barabara ikishalipwa iwe bure. Mwaka 1972 wakaweka mapato yote kwenye kapu moja: barabara zenye magari mengi, kama ya Tokyo hadi Nagoya, zikawa zinalipia mpya za mikoani. Zilipobinafsishwa 2005 waliahidi zitakuwa bure 2050. Desemba 2012 dari la mahandaki ya Sasago likaanguka, watu 9 wakafa, na ukaguzi ukaonyesha mzigo wa matengenezo uliosahauliwa. Tarehe ikasogezwa hadi 2065, na 2023 ikasogezwa tena hadi 2115.

Kwa hiyo masharti yangu ni mawili. Tozo ya daraja moja isilipie barabara nyingine, hata kama ni ya kijijini na inahitajika kweli. Na gharama ya matengenezo makubwa ihesabiwe tangu mwanzo, si siku ya kuaga.

Na wasifute kabla ya wakati kwa presha. Gauteng, Afrika Kusini, mitambo ya tozo iliwashwa Desemba 2013, wananchi wengi wakagoma kulipa, ikazimwa Aprili 2024. Deni halikuzimika: serikali kuu ilibeba asilimia 70 na jimbo asilimia 30. Asiye na gari sasa analipa kupitia kodi.

Wakili wa Mikataba

Basi tuandike kifungu, tuache kuzunguka. Kiwe na haya. Kwanza, tafsiri ya deni: mkopo, pamoja na mtaji, pamoja na faida ya asilimia iliyotajwa kwa tarakimu, basi. Kukopa upya kwa dhamana ya lango hilo hilo kusiruhusiwe bila idhini ya Bunge. Hapo ndipo mchezo unapochezwa: deni linabaki kidogo, unakopwa mkopo mpya, saa inarudi sifuri.

Pili, kila robo mwaka ichapishwe idadi ya magari kwa aina, mapato, gharama za uendeshaji na salio. Tatu, miaka 5 ya mwisho sehemu ya mapato iende akaunti ya amana ambayo mwendeshaji hawezi kuigusa. Mhandisi huru akague, na kazi zote zilizobaki zifanywe kabla ya makabidhiano. Asipozifanya, fedha ya akaunti inazifanya.

Lami na Kokoto

Kifungu cha tatu kinanitosha, kikiongezewa vipimo. "Hali nzuri" si kipimo. Andika: kina cha michirizi ya matairi kisizidi milimita 10, viungo vyote vya kupanuka viwe na angalau miaka 5 ya kuishi, mifereji yote ipitishe maji, na ripoti ya nyaya isizidi umri wa miezi 12. Mwendeshaji anayejua anaondoka mwaka kesho hupaka rangi badala ya kukwangua. Lami mpya nyeusi ya milimita 20 inapendeza kwenye picha za makabidhiano, na mwaka unaofuata inabanduka kama ngozi kwa sababu chini yake pana nyufa.

Msafirishaji, Mombasa

Na baada ya hapo, nani atanihakikishia Sh 25 zangu kwa lita zitafika kwenye barabara hiyo na hazitawekwa rehani tena?

Wakili wa Mikataba

Hakuna mkataba wa barabara unaoweza kukuhakikishia hilo, bwana. Hiyo inahitaji sheria ya tozo ya mafuta yenyewe irekebishwe. Ni vita ya pili, na ianze kabla ya hii kwisha.

Mleta hoja

Nimerekebisha msimamo: ife siku salio linapofika sifuri kwa tafsiri ya Wakili, na akaunti ya amana ikiwa imejaa. Si kabla, na si siku moja baada. Swali la mwisho kwa Mhandisi. Vibanda vyenyewe vinaondolewaje? Vikibaki tupu watu watapata kisingizio cha kuvirudisha.

Lami na Kokoto

Na vitaua. Huko Connecticut, Januari 1983, lori liligonga magari yaliyokuwa yamesimama langoni Stratford, watu 7 wakafa, na jimbo likaondoa tozo kwenye barabara hiyo 1985. Lango tupu ni baya kuliko lenye watu, kwa sababu dereva hapunguzi mwendo na visiwa vya zege viko pale pale.

Usiku wa mwisho vizuizi vinanyanyuliwa na kufungwa, umeme wa mashine unakatwa, mwendo unawekwa kilomita 30 kwa saa. Magari yanaelekezwa njia mbili za kati kila upande, yakilindwa kwa vizuizi vya plastiki vilivyojazwa maji. Vibanda vya pembeni vinaondolewa kwanza, paa linafuata usiku wa manane barabara ikiwa imefungwa kwa saa chache, halafu visiwa vinavunjwa kuanzia nje kuja ndani. Sakafu ya langoni huwa ya zege, kwa sababu mafuta yanayodondoka na breki za kila saa huila lami. Msiivunje yote. Kwangueni uso wake, zibeni maungio, kisha mwage lami juu na kuishusha taratibu kwa mita 30 kila upande ili pasibaki tuta. Chorweni mistari upya siku hiyo hiyo, kabla ya kufungua. Nyaya za kuhesabu magari zilizo chini ya lami ziachwe, maana tutahitaji kujua ni magari mangapi yameongezeka.